Hatua Arobaini na Moja

Kitanda cha nne hakipo.
Baada ya cha tatu ni cha tano,
kwa kuwa kwetu Korea nne na kifo
hutamkwa kwa sauti moja,
nasi wanawake sita wa chumba 507
hatuidai hesabu iliyorukwa.

Mimi ni wa sita. Jina liko mkononi,
limechapwa kwenye mkanda wa plastiki: Im Gwirye,
na namba ndefu kuliko pensheni yangu.
Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mwalimu mkuu.
Nikikohoa tu, varanda nzima kimya.

Sasa kila alfajiri binti wa rika la wanafunzi wangu
hufungua pazia na kuuliza, kwa sauti ya mnada:
“Mama, upepo umetoka?”

Haujatoka.
Waliukata utumbo, wakaushona,
nao umenuna kama mtoto aliyechapwa bila kosa.
Mpaka upepo utoke, hakuna maji, hakuna uji.
Pamba yenye unyevu midomoni, basi.

Bi Okbun wa tano alishuta juzi, polepole,
na daktari akataka ushahidi.
Mkwewe, anayelala chini yake
kwenye kile kibenchi cha kuvuta, akanyoosha mkono:
“Shahidi ni mimi. Nilikuwa huku chini.”
Tukacheka tumeshika mishono,
kicheko kinachodai riba.
Hata Seyeon wa kwanza, asiyetoa vidude masikioni,
nililiona bega lake.

Mwanangu hupiga simu kutoka Ulsan.
“Unaendeleaje?”
“Vizuri,” kwa sauti ya paredi.
Simu ikikatika nahesabu vigae vya dari.
Themanini na sita. Kimoja kina doa kama kiatu.

Maengsun wa saba hana mgeni. Ana rimoti.
Kaikalia siku kumi na tisa kama shamba la urithi.
Vidole vyake vimechanjwa na chaza,
maisha yake yote kabandua chaza pale bandarini Gunsan.
Ndiye aliyenifunua shuka siku ya pili:
“Mwalimu, upepo hauitwi kwa barua. Tembea.”

Ukumbi ni hatua arobaini na moja.
Tulikwenda usiku, kila mtu na mti wake wa dripu,
gurudumu langu likilia kama panya.
Hakuniuliza panauma wapi.
Alinipa bei ya chaza, mwezi kwa mwezi.
Dirishani, chini, kwenye theluji ya maegesho,
mwanamume mwenye pajama na dripu alikuwa akivuta sigara
kana kwamba amelipwa afanye hivyo.
“Huyo naye anatibiwa,” akasema Maengsun.

Usiku wa nne ukaja.
Sikushuta. Nilijamba,
mburuto wa dawati kwenye sakafu ya darasa tupu,
na heshima yote ya miaka thelathini na mmoja
ikatoka nyuma yake bila ruhusa.
Gizani, kofi moja. Kisha mengi.
Na sauti ya saba:
“Nesi! Wa sita amefaulu!”

Asubuhi nikaletewa uji, maji yaliyopita karibu na mchele.
Niliunywa kijiko kwa kijiko kama ninayesahihisha mitihani,
nikageuka nimwonyeshe bakuli.
Shuka la saba limevutwa, halina hata kunyanzi.
Karuhusiwa. Kashika basi la saa kumi na mbili,
peke yake, na mfuko wa nailoni.
Chini ya mto wangu, rimoti.
Ndani ya friji, mkebe wa figili zenye pilipili na karatasi:
*Za wote wa 507. Mwalimu asubiri kidogo.*

Mchana kaletwa mwingine, karani wa benki,
kucha zimefutwa rangi nusunusu, uso ukutani.
Naujua ukuta ule.
Nimengoja taa zipunguzwe,
nimeshusha mguu, kisha wa pili,
nimesogeza pazia kiasi cha kiganja.

“Dada. Upepo umetoka?
Haya, inuka.
Gurudumu langu linalia, usilijali.”