Nukta ya Rangi ya Chungwa

Winnipeg, mwezi wa nane. Rowena anapita mtaa kwa mtaa,
shingo imekakamaa kwa kutazama juu.
Tawi moja la mwelmu limenyauka, majani yamejikunja
kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto.
Ananyunyiza nukta ya rangi ya chungwa shinani. Basi.
Wiki ijayo, msumeno.

Kwa Bohdan Sawchyn, nyuma ya gereji,
chini ya turubai: gogo.
"Sheria unaijua. Humo mbawakawa hulala,
akiamka kabeba kuvu mgongoni, abishe hodi kwa jirani."
"Naijua. Lakini tazama."
Msumari, umeliwa na kutu.
Hapo ndipo ilipofungwa bembea ya Larysa.

Rowena hajibu. Anachomoa kisu,
anabandua gome, taratibu, lote,
na chini yake vijia vya wadudu,
mwandiko wa mtu aliyeandika gizani, mbio mbio.
Gome analitia mfukoni, likachomwe.

Gogo limebaki uchi, na msumari wake.
"Hili," anasema, "halina tena pa kumficha mgeni."

Nje, jua limeingia hadi barazani.
Mashimo tisa yamechimbwa kando ya barabara;
miche bado haijafika.