Nyuma ya Bili ya Umeme

Napanga siku yako nyuma ya bili ya umeme,
umeme ambao nao hutoka kwenye mvuke ulio chini yetu,
kwa hiyo, Herminio, hata karatasi hii ina joto.
Umesema una siku moja tu. Jumanne.
Miaka ishirini na sita Toronto, na sisi umetukatia Jumanne.
Haya. Jumanne nayo ni siku.

Saa kumi alfajiri nitakugongea mlango.
Usiniletee hadithi za uchovu wa ndege.
Sufuria haimngoji mtu: nyama chini, kuku juu yake,
magimbi, karoti, kabichi kubwa kubwa,
na soseji ya damu ambayo mkeo hawezi kuitazama.
Maji hatutii. Mafuta hatutii.
Tunafunga kifuniko kwa kitambaa na kamba,
mafundo mawili, kama alivyofunga Mama,
kisha tunashuka nayo Furnas
kabla mabasi ya wageni hayajaamka.

Belmiro ataishusha shimoni,
atarundika udongo kwa koleo,
atachomeka kibao juu yake ili tusichukue chakula cha wengine.
Kibao chetu bado kina jina la Mama.
Nilitaka kuandika langu. Rangi nilinunua.
Imekaukia koponi.

Utakunja pua, najua. Harufu ya kiberiti,
kama kuna mtu chini ya sakafu
anayewasha njiti moja baada ya nyingine
akitafuta kitu alichokiangusha.
Ukikaa nusu saa hutaisikia tena.
Ukikaa maisha yako yote
ndipo utaisikia siku ukiondoka. Au siyo?

Saa moja na nusu, Ziwa la Moto.
Moto ni jina tu; maji yake ni baridi
na mlima uliowaka umekaa kimya kulizunguka.
Likifunikwa na ukungu
(na litafunikwa, naijua bahati yako)
tutasimama ukingoni
nikuonyeshe kwa kidole mahali lilipo.
Itabidi uniamini.

Gari ni la Duarte. Gia ya pili hukwama,
kwa hiyo milima tutaipanda kwa ya kwanza, tukinguruma,
na kushuka tutashuka kwa dua.

Saa tatu, maporomoko ya maji moto.
Lete nguo nyeusi ya kuogelea.
Maji yale yana chuma, hutia kutu kila kitambaa.
Kaptula yako nyeupe ya mwaka ule
ilirudi nyumbani na rangi ya chungwa bovu,
Mama akaisugua wiki nzima,
akashindwa, akaikunja, akaiweka.
Ipo kabatini. Sikwambii rafu ipi.

Hapa, kati ya saa nne na saa sita,
nimeacha mstari mtupu.
Niliandika neno, nikalifuta,
nimeliandika tena kwa penseli: makaburini.
Si lazima.
Pesa ya maua ilifika, yalikuwa maua mazuri,
watu waliuliza yametoka kwa nani.
Siku ile pia Belmiro ndiye aliyeshika koleo.

Saa sita kamili tunafukua.
Usisimame karibu, mvuke wa kwanza huunguza nyusi.
Nyama itaachana na mfupa bila kuguswa kisu;
ardhi hii haina papara,
hupika kile ulichoipa, kwa muda inaoutaka yenyewe,
nawe unangoja juu, ukizungumza habari za mvua.
Tutakula tukiwa tumesimama. Viti sina nafasi navyo garini.

Saa nane, mahindi ya kuchemshwa chemchemini, kama bado una tumbo.
Saa tisa, shamba la chai, kwa ajili ya mkeo.
Ndege yako ni saa mbili usiku.
Chini nimebakiza nafasi, lolote likitokea.
Na hapa hutokea: mwaka juzi kisiwa kilijinyoosha kidogo tu
sahani tatu zikaniangukia.

Lete koti.
Na kabla sijasahau,
ukimaliza kusoma nirudishie karatasi yangu:
bili hii mwisho wa kulipa ni Jumatano.