Pigo la Kwanza

Tulifanyia mazoezi Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
uani kwa Shekue fundi baiskeli,
kati ya ringi zisizo tairi na harufu ya solusheni.

Semhando alikuwa mtu wa jazi.
Tarumbeta aliishika kama barua ya mke aliyeondoka:
haifungui upesi.
Akianza wimbo mlangoni, huyo kwa jirani,
huyo kona ya sokoni, sisi twamsubiri na magitaa yetu,
na akirejea amebeba noti
ambayo hakuna aliyemtuma.

Hiza alikuja na bugaluu, raizoni, na besi ya mkopo.
Mchana alisokota kamba kiwandani; usiku
alituletea mashine ile ile vidoleni.
Baharia mmoja alimwachia santuri ya fanki,
imekwaruzwa, upande mmoja tu ndio unaolia.
"Pigo la kwanza ni msumari," akasema.
"Ugongomee. Kisha tundika koti lolote utakalo."
"Koti, Tanga hii, na joto hili?"
Semhando akafuta mdomo wa tarumbeta, akaenda zake.

Wiki tatu. Hiza anagongomea misumari
na ukuta mtupu.

Alhamisi moja akatokea; alidai kafuata kitambaa chake tu.
Shekue alikuwa amepindua baiskeli ya posta,
anazungusha gurudumu lililogongwa na lori la mkonge.
Ringi imepinda mahali pamoja.
Kila mzunguko, kwenye breki: tak.
Spoku zinapita, zinapita, zinapita, tak.

Semhando akasimama, kitambaa mkononi.
Hiza akaliona lile sikio, akaingia kwa chini, taratibu,
juu ya tak.
Na tarumbeta ikatoka bila kuaga,
ikaenda kwa jirani, ikaenda sokoni,
ikachungulia hadi relini,
ikarudi kwenye tak, ikaketi, ikavua viatu.

"Usiinyooshe!" tukamfokea Shekue.
"Mali ya serikali hii," akasema.
Akaendelea kuzungusha.

Dansini Makorora, wakubwa walikosa mguu wa kuanzia.
Muuza kachori akatua sinia, akaupata.

Siku hizi Hiza yuko Mombasa, deni la besi liko kwangu.
Semhando meno yamemhama, hupuliza chai tu.
Nami, mtu akipita na ringi mbovu,
nachomoa mguu kwenye kandambili
nangoja.