Uzito wa Kuingia, Uzito wa Kutoka

Miaka thelathini na minne baba yangu, Halvor Brekke,
alikaa kwenye kibanda cha mizani nje ya mji wa Crookston
akipima malori ya viazisukari.
Lori likija limejaa, analipima. Likirudi tupu, analipima.
Akitoa cha pili kwenye cha kwanza anapata mzigo,
anaandika risiti, anapunga mkono: mwingine.
Oktoba nzima alinuka udongo na kahawa iliyopoa.

Kwa hiyo tulijua uongo wa kumwambia.
Kaka yangu Arlen ndiye aliyeutunga, jikoni,
wiki ile baba alipokutwa barabara kuu usiku wa manane
amevaa viatu vya marehemu mama, theluji imemfika vifundoni:
"Kuna mizani mjini, Baba. Wamekosa mtu wa kuaminika."
Akavaa kofia. Akauliza kama kuna pa kuegesha gari.
Njia nzima hakusema kitu. Mimi ndiye niliyeendesha
na sikuthubutu kutazama kioo.

Mlango wa jumba lile hufunguka kwa namba nne.
Wamezibandika ukutani kichwa chini miguu juu,
eti mwenye akili zake atapinda shingo azisome.
Siku ya kwanza zilinishinda.
Nilisimama na mkoba wangu nikilia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni,
mpaka Bi Dorene wa chumba cha tisa, anayesubiri basi tangu asubuhi,
akanipa leso yake:
"Litakuja tu, mpenzi. Huwa linachelewa."

Halafu kuna hesabu.
Ada ya kila mwezi imekula trekta,
imekula eka arobaini za upande wa mto,
sasa inaikodolea macho nyumba.
Tukifika hapo Arlen hukata simu.
Kanisani wananishika bega: "Angalau yuko mahali salama."
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Wao hawajaulizwa na baba yao
kila Ijumaa, kwa adabu, kwa sauti ya chini
ili wakubwa wa kazi wasisikie:
"Hawa watu watanilipa lini?"

Marlys, muuguzi wa zamu ya mchana, ndiye aliyenionyesha bahasha
siku tuliyogeuza godoro.
Sitini na moja, za kaki, kila moja na noti ya dola ishirini
na BREKKE, H. kwa mwandiko wa Arlen.
Huzileta Ijumaa saa moja asubuhi, akaniambia, kabla hajaingia kiwandani.
Hakai. Anasimama kama karani, baba anasaini,
wanapeana mikono.
Kufika saa nne mzee ameshasahau kwamba amelipwa.
Nami mwaka mzima na ushei
nilikuwa namwandika kaka yangu kwenye daftari la watoro.

Jina langu limemtoka tangu Pasaka. Siulizi tena.
Nikiingia ananyoosha viganja, naweka mikono yangu juu yake,
anafumba macho.
"Pauni mia moja hamsini na mbili," anasema,
na huwa hakosei sana.
Tunakula biskuti za tangawizi. Namsimulia mvua,
nani kauza shamba, mbwa wa jirani kazaa wangapi.
Wakati wa kuondoka, viganja tena.

Jana alikaa muda mrefu macho yamefumba,
nikadhani amesinzia.
"Mia na hamsini kamili," akasema. "Umeshusha mbili."
Akachana pembe ya karatasi ya kufutia mdomo,
akaandika, akatia saini, akanikabidhi,
akatazama nyuma yangu, kwenye korido isiyo na mtu,
akapunga mkono: mwingine.