Kilo Mia Mbili na Arobaini

Dukani waliniapia: hakuna njia itakayoishinda.
Nikaamini, kwa mkopo wa miezi thelathini na sita.

Ruai, asubuhi baada ya mvua.
Lami inakoma penye bucha;
kisha udongo mweusi, ushikao gurudumu kama mdai.

Nikasimama juu ya vikanyagio, magoti yamebana tangi,
nikavuta mafuta.
Gurudumu la nyuma likaanza kuandika maneno yake lenyewe.

Nilianguka polepole, karibu kwa adabu.

Akaja Mbithi na bodaboda yake,
kandambili miguuni, kreti sita za mayai nyuma.
“Wewe usukani, mimi mkia.”
Tukaiinua. Hakucheka.
Aliuliza tu inakunywa lita ngapi,
kisha akapita palepale,
miguu ikipapasa tope huku na huku,
mayai yote mazima.