Chachu Haiuzwi

Mkono wa Sabyrkul ulikwenda na mashine ya kukata nyasi,
Agosti, kabla ya chai ya saa nne.
Wa pili ulitoka mjini ndani ya sanduku lenye sponji,
bei yake farasi kumi na mmoja,
na karatasi iliyosema, kwa herufi za sisimizi:
ukiufungua, dhamana imekufa.

Ulifanya kazi miezi minane.
Baridi kuu ilipoingia ukakunja ngumi
ukagoma kukunjua.
Tukapiga simu. Kampuni ilikuwa imenunuliwa na kampuni,
nayo hiyo imemezwa na nyingine,
na msichana wa simu akasema kwa upole
kwamba aina ile haitambuliki tena.
Haitambuliki! Na huku uko mezani petu,
umefumba kama mtoto aliyeficha peremende.

Mimi hufundisha uchoraji wa kiufundi shuleni, hapa Naryn.
Nina printa moja ya plastiki, inayokohoa.
Usiku nikatafuta. Nikakuta mkono mzima umeanikwa,
kila kiungo, kila tundu la skrubu, kila kosa,
kama nguo kwenye kamba, mbele ya wapita njia,
na mwanamke wa Valdivia, Chile, Rayén Huenchumil,
ameandika chini yake:
Chukua. Badili.
Ulichobadili, kirudishe mezani.

Maelezo yalikuwa ya Kihispania. Kompyuta ikatutafsiria:
"Pitisha uzi ndani ya mwanasesere."
Siku mbili tulimtafuta mwanasesere.
Nurzada wa darasa la nane aligeuza michoro yote juu chini.
Kumbe katika lugha ile kifundo cha mkono na mwanasesere
hulala ndani ya neno moja.

Valdivia ni mji wa mvua. Kwetu ni nyuzi ishirini na nane
chini ya sifuri, na plastiki yao ilikatika kama biskuti.
Tukatoa uzi wa kuvulia, tukatia ukanda wa ngozi mbichi;
tukatanua tundu milimita moja na nusu;
ndani tukabandika sufu.
Kidole gumba tulikiharibu mara sita.
Mara ya saba Sabyrkul akawasha kiberiti,
akauzima, akawasha kingine,
akamaliza boksi zima.

Juni, Tologon kaka yake akaja na hesabu.
"Viungo vya ngozi ni vyenu. Vifungieni. Viuzeni.
Hata mkate una bei."
Sabyrkul alikuwa anakoroga maziwa ya farasi kiribani,
mti juu, mti chini. Hakuacha.
"Maziwa nauza. Kila Jumamosi, na sipunguzi.
Lakini chachu ya kiriba hiki nilipewa na mke wa Eshimbek,
naye alipewa na jirani aliyehama.
Mwaka juzi kiriba chake kilipasuka,
akaja kuchota kwangu.
Kama ningeifungia, angechota wapi?
Na yangu ikioza, mimi nitachota wapi?"
Tologon hakushawishika. Mpaka leo.
Anasema tutakufa maskini, na huenda kweli:
plastiki ile yote niliinunua kwa mshahara wangu.

Tukaanika nasi, ngozi, sufu, vidole sita vilivyoharibika.

Farasi hakamuliwi kama ng'ombe. Unapiga goti moja,
ndoo juu ya goti jingine,
mkono mmoja unauzungusha nyuma ya mguu wake.
Siku ya kwanza jike jeusi lilinusa plastiki, likarusha teke.
Siku ya pili tuliupaka mkono maziwa yake mwenyewe.
Likanusa tena. Likafikiri.
Likaanza kutafuna.

Usiku ule nikaongeza mstari chini ya vipimo vya Rayén na vyetu:
"Kabla ya kutumia, paka maziwa ya mnyama unayemkamua."
Asubuhi nikakuta swali kutoka kwa mtu nisiyemjua:
"Kiasi gani?"

Nimemuuliza Sabyrkul.
Anasema inategemea farasi.