Kikomo

Namba yetu ya foleni: mia na saba.
Benki ya Al-Khoud, Jumapili asubuhi,
kiyoyozi kinapuliza kama kinalipwa kwa baridi.
Mwanangu Muhannad, miaka kumi na mwezi,
anabonyeza kalamu iliyofungwa mnyororo,
tik, tik,
kalamu ambayo hata mwizi asingeitaka.

Kijana wa dirishani, Wadhah, alikunjua karatasi mbili.
"Akaunti za watoto, mama, ziko namna hizi.
Hii haina ada, ila kikomo tumekipanga sisi.
Hii ni nusu riali kwa mwezi, kikomo unapanga wewe,
siku kwa siku, kwenye simu yako."

Nusu riali kwa mwezi
ili niwe ukuta wa mwanangu mwenyewe.

Nikakumbuka usiku mmoja wa mwaka jana:
mtoto huyu na simu ya baba yake
walinunua almasi za mchezo, upanga wa moto,
na farasi mwenye mbawa.
Riali arubaini na tatu mpaka alfajiri.
Baba yake alikuwa zamuni Duqm. Nilipomwambia
hakusema kitu. Nilisikia upepo tu wa huko.

"Hii ya pili," nikasema. "Weka riali mbili kwa siku.
Mtandaoni, funga. Kutoa taslimu, funga.
Michezo, funga, tena funga."
Wadhah akatabasamu. "Mara moja inatosha, mama."

Muhannad akaiacha kalamu.
"Na kadi yako wewe, ina kikomo?"
Nikainama kutafuta kitambulisho
kilichokuwa mkononi.
(Mapazia ya sebuleni nayalipa hadi leo.
Yameshapauka.)

Tangu siku hiyo simu yangu ina umbea.
*Chai ya karaki, baisa mia mbili. Imekubaliwa.*
*Rakhali na jibini, mia tatu. Imekubaliwa.*
Sikujua anakunywa chai.
Nyumbani husema inamchefua.

Kisha Jumatano, saa kumi na moja jioni,
niko kliniki, natafuta faili la mgonjwa:
*Duka la vyombo, soko la Sib.
Riali mbili na baisa mia nne. Imekataliwa.*
Dakika haijapita: *Imekataliwa.*
Tena.

Nilimwona bila kumwona,
kanzu ina wino mfukoni, foleni nyuma yake,
muuzaji anamrudishia kadi kwa vidole viwili.
Anagonga ukuta,
na mlio unafika kwangu, mezani, katikati ya mafaili.

Duka la vyombo? Kwa lipi?

Nikashika simu nimpigie. Nikaiweka.
Asubuhi ile mama mkwe, Bi Thuweba,
alizunguka jikoni akifungua kabati moja moja:
"Kikombe changu kimeota miguu?"
Na Muhannad mlangoni ameinama
anafunga kamba za viatu,
viatu visivyo na kamba.

Nikafungua programu ya benki.
Kikomo cha leo: mbili. Nikaandika mbili na nusu.
Kidole kikasita, kama cha mtu
anayetaka kumwamsha aliyelala.
Nikabonyeza.
Sikumwambia. Ukuta ukisogea gizani
nani wa kujua pa kupita?

Robo saa. Mgonjwa akaitwa, akaingia, akatoka.
Simu ikatetemeka.
*Duka la vyombo. Riali mbili kamili. Imekubaliwa.*

Mbili kamili.
Amebembeleza, yule mtoto
asiyejua hata kuomba chumvi mezani.
Baisa mia nne amezing'oa mdomoni mwa muuzaji,
na nusu yangu imebaki juu, haina mwenyewe.
Nikaperuzi siku nzima kutoka asubuhi:
hakuna karaki, hakuna rakhali.

Usiku nilirudisha kikomo pale pale.
Sijui kama ni kwa hekima au kwa aibu.

Bi Thuweba akamimina kahawa yake,
akakigeuza kikombe, akakitazama chini,
akamtazama mjukuu aliyezama kwenye hesabu
kurasa zikiwa juu chini.

"Kikombe hiki," akasema,
"kimenenepa."
Akanywa.